Msinunue mfumo wa chama kama mnavyonunua trekta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wajumbe wa bodi za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na shule binafsi za Moshi na Arusha, hasa wale ambao bajeti yao ya mwaka huu ina mstari ulioandikwa "mfumo wa kompyuta".

Zabuni za mifumo hii zinafanana mno. Mzabuni atatengeneza mfumo kamili: daftari la wanachama, mapokezi ya mazao, pembejeo, mikopo, hesabu, ujumbe wa simu na ripoti zote. Atapewa miezi kumi na miwili. Sehemu ya fedha atalipwa akisaini na iliyobaki akikabidhi. Kwa maneno mengine, bodi inanunua trekta: unalieleza, unalilipia, unalisubiri, linakuja na funguo zake. Trekta linafaa kununuliwa hivyo kwa kuwa lilishatengenezwa na limelima mashamba ya watu wengine. Mfumo wenu haujawahi kuwepo popote. Hata anayeuomba hajui bado anataka nini, na hapo halaumiwi, maana mtu hujua anachokitaka kwenye skrini siku anapoigusa skrini yenyewe na foleni ya wakulima ikiwa mbele yake.

Njia ya kufanya kila hatua mara moja kwa zamu, yaani kukusanya mahitaji yote, kisha kuchora mfumo wote, kisha kuuandika, kisha kuujaribu, kisha kukabidhi, hulinganishwa na maporomoko ya maji. Aliyefika kwenye maporomoko ya Materuni anaelewa: maji yakishashuka hayapandi tena. Lisilosemwa sana ni kwamba Winston Royce, ambaye mchoro wake wa mwaka 1970 hutajwa kama asili ya njia hiyo, alionya katika andiko lilelile kwamba kuifuata jinsi ilivyo ni kukaribisha kushindwa, kwa kuwa majaribio yanakuja mwisho, na majaribio ndiyo yanayofichua makosa ya mwanzo. Kwa kazi ngeni alishauri ifanywe mara mbili. Watu wakachukua mchoro, onyo wakaliacha kwenye karatasi. Programu za kuongozea chombo cha anga cha Shuttle cha Marekani, kati ya 1977 na 1980, ziliandikwa kwa mizunguko 17, yaani vipande vifupi vya kazi vinavyofuatana, ndani ya miezi 31, kwa sababu mahitaji yalikuwa yakibadilika huku kazi ikiendelea. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mizunguko ni mtindo wa vijana wa juzi namwomba ahesabu miaka. Wale watu 17 waliokutana Utah mwaka 2001 na kutoa tamko la ajaili (agile), yaani kutengeneza programu kidogo kidogo kwa mizunguko, waliipa jina kazi ambayo wengine walikuwa wakiifanya tangu zamani.

Mzunguko ni kipande cha muda kisichonyumbulika. Kwa chama cha kawaida wiki mbili zinatosha. Jumatatu ya kwanza, saa mbili au tatu za kuchagua kazi zitakazofanyika. Kila asubuhi dakika 15 za kuambiana nani amekwama wapi. Ijumaa ya pili, kilichokamilika kinawekwa mbele ya karani atakayekitumia, naye anakitumia kwa mikono yake mwenyewe. Baada ya hapo timu inakaa chini kama saa moja kujadili namna yao ya kufanya kazi: kipi kimewachelewesha, kipi wabadilishe. Muda ukiisha na kazi moja haijakwisha, kazi inarudi kwenye orodha, tarehe haisogezwi. Ukianza kusogeza tarehe kwa siku mbili tatu, umerudi kwenye maporomoko bila kujua.

Wengi wanaharibu hapa, kwenye namna ya kukata kazi. Mtengenezaji aliyezoea maporomoko atasema mzunguko wa kwanza ni wa hifadhidata, wa pili wa hesabu za ndani, wa tatu wa skrini. Ameigawa kazi, lakini kwa wiki sita hakuna kitu mtu anaweza kukishika. Ni kama kuletewa ndizi mbichi mwezi huu, nyama mwezi ujao na chumvi Desemba, wakati ungeweza kuletewa leo bakuli dogo la mtori ukaonja na kusema umezidi maji. Kila kipande kinapaswa kupita ngazi zote, kuanzia skrini hadi hesabu, hifadhi, karatasi inayotoka kwenye printa na nakala ya akiba, hata kama kinafanya jambo moja tu.

Kwa AMCOS ya kahawa, bakuli hilo la kwanza ni mkulima mmoja, mzani mmoja, stakabadhi moja. Karani anaandika namba ya mwanachama, jina linatokea, anaingiza uzito, anaondoa uzito wa gunia, anachagua daraja, anachapa stakabadhi nakala mbili. Basi. Hakuna ripoti, hakuna ujumbe wa simu. Kinaonekana kidogo mpaka kinatia aibu, lakini kikipelekwa kwenye kituo cha mapokezi kinafichua mambo ambayo hakuna kikao cha mahitaji kingeyataja. Skrini haisomeki juani. Umeme unakatika katikati ya stakabadhi, na hakuna anayejua kama uzito umehifadhiwa au la. Mtandao unapotea chini ya migomba. Karatasi za printa za joto zinafifia maandishi, ilhali mkulima ataihitaji stakabadhi yake miezi mingi baadaye akidai malipo ya pili, yale ya baada ya mnada. Akina Mushi na akina Massawe wamejaa daftari zima, kwa hiyo kutafuta kwa jina kunamletea karani watu wanane, naye kwa haraka anachagua wa kwanza.

Kosa jingine linalofichuliwa mapema ni la desimali. Namba za desimali za kawaida katika kompyuta haziwezi kuhifadhi 0.1 kwa usahihi, ukijumlisha 0.1 na 0.2 katika lugha nyingi za programu unapata 0.30000000000000004. Kwa mstari mmoja hakuna anayeona. Kwa maelfu ya mistari ya mizani iliyozidishwa kwa bei, jumla ya mfumo na jumla ya mhasibu zinaachana, na hapo mkutano mkuu hausikii habari ya desimali, unasikia wizi. Dawa ni kuhifadhi uzito kwa gramu kamili na fedha kwa shilingi kamili, na kuandika kanuni moja ya kukadirisha, yaani ya kupandisha au kushusha desimali, inayotumika kila mahali. Likigunduliwa katika mzunguko wa kwanza, hilo ni badiliko la nusu siku. Likigunduliwa baada ya miezi kumi na miwili, linagusa kila hesabu iliyokwisha kuandikwa.

Ili ligunduliwe mapema, daftari la karatasi lisiwekwe kabatini. Liendeshwe sambamba na mfumo kwa mizunguko miwili ya kwanza. Kila jioni linganisheni jumla ya kilo za daftari na za mfumo, kwa kila daraja. Tofauti hata ya nusu kilo inasimamisha kazi mpya kesho yake mpaka chanzo kijulikane.

Baada ya kipande cha kwanza, mpangilio uwe wa hatari, kubwa mbele. Watengenezaji wengi hupenda kuanza na ukurasa wa kuingilia na dashibodi yenye grafu za rangi, kwa sababu ni rahisi na inang'aa mbele ya bodi. Muwe wakali hapo. Hatari ya AMCOS iko kwenye kupokea bila mtandao, kwenye makato ya pembejeo, na zaidi kwenye malipo ya pili, pale bei ya mnada inapojulikana na mfumo unatakiwa kurudi nyuma miezi kadhaa, kwa kila mkulima na kila daraja, ukiwemo mkulima aliyefariki na warithi wake hawajaelewana. Kazi kama hiyo ikiachwa ya mwisho, itafika mezani wakati fedha za mradi zimekwisha.

Kuhusu makadirio, achaneni na asilimia. Mtengenezaji akisema mfumo umefika asilimia 90, hajasema chochote; kazi iliyofika asilimia 90 ihesabiwe sifuri. Tengenezeni orodha, kila kazi ikatwe mpaka mtu mmoja aweze kuimaliza ndani ya siku tatu, kisha hesabuni zilizokwisha. Tuseme orodha ina kazi 60. Mizunguko mitatu ya kwanza imemaliza kazi 5, 7 na 6, wastani ni 6. Zimebaki 42, yaani mizunguko saba, wiki 14. Lakini orodha huwa inakua, na inapaswa kukua, kwa sababu karani anajifunza. Ikiongezeka kazi mbili kila mzunguko, mwendo wenu halisi ni kazi nne, na 42 zinahitaji mizunguko 11, wiki 22. Tofauti ya wiki 14 na wiki 22 ndiyo inayowazamisha watu wengi, na inaonekana kwa hesabu ya darasa la tano mwishoni mwa wiki ya sita, wakati bado mnaweza kukata mkia wa orodha. Mtaka yote hukosa yote. Ripoti ya kumi na nne inaweza kusubiri mwaka ujao.

Neno "imekwisha" lifafanuliwe kwa maandishi kabla ya mzunguko wa kwanza, maana kwa mtengenezaji huwa lina maana ya "kwenye laptop yangu inafanya kazi". Liwe hivi: msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ambao vijana huuita kodi na kuwashtua wahasibu wanaodhani ni mambo ya TRA, umehifadhiwa kwenye hazina ya Git, inayotunza kila badiliko, mtu wa pili ameusoma, majaribio ya kompyuta yamepita yote, umewekwa kwenye sava ya majaribio, karani ameutumia, na maelekezo ya mistari michache yameandikwa kwa Kiswahili.

Majaribio ya kompyuta nayatilia mkazo kwa sababu mizunguko bila majaribio ni hatari kuliko maporomoko. Kila mzunguko unagusa kilichokwisha kufanya kazi. Katika mzunguko wa sita mtu anarekebisha makato, na stakabadhi inaanza kutoa uzito kabla ya kuondoa gunia, kimyakimya. Kupima kwa mkono hakutoshi: kama kila kazi inahitaji dakika kumi za kupimwa, zikifika 40 ni dakika 400, karibu saa saba kila toleo, na hakuna anayezitumia saa hizo Ijumaa jioni. Mwombeni mhasibu mifano 20 au 30 kutoka kwenye daftari lake. Mfano: kilo 84.5 kwa bei ya shilingi 5,000 ni 422,500. Deni la pembejeo 60,000. Mkulima anapokea 362,500. Mtengenezaji anaigeuza mifano hiyo kuwa majaribio yanayojiendesha kila msimbo unapobadilika, na jibu likitofautiana kwa shilingi moja toleo halitoki. Chagueni mifano migumu: mwenye deni kubwa kuliko kahawa yake, aliyeleta madaraja mawili siku moja, aliyepimiwa mara mbili kwa makosa.

Kubadilisha hifadhidata yenye data hai nako kuna utaratibu wake. Chukulia mfumo ulimpa kila mwanachama namba moja ya simu, sasa wanataka mbili. Asiyejua anafuta safu ya zamani na kuweka mpya usiku mmoja, asubuhi kituo ambacho bado kina toleo la zamani kinagoma. Anayejua anaongeza sehemu mpya kwanza, anaufanya mfumo uandike kote kuwili, anahamisha namba za zamani, anaufanya usome kwenye sehemu mpya, na ile ya zamani anaifuta katika mzunguko unaofuata, baada ya kuhakikisha hakuna kituo kinachoitumia. Hatua tano, na kati ya kila moja na nyingine mnaweza kurudi nyuma. Data za daftari la zamani vilevile zianze kuingizwa katika mzunguko wa pili, kijiji kimoja kwanza, si wiki ya mwisho. Humo ndimo mtakuta namba za uanachama zilizotolewa mara mbili.

Upande wa chama kuna kosa moja linaloua kazi kuliko yote: orodha kukosa mwenyewe. Bodi ya watu tisa haiwezi kupanga lipi lianze. Achaguliwe mtu mmoja, meneja au mhasibu, mwenye mamlaka ya kusema hili kwanza, lile baadaye, na apewe kama saa tano kwa wiki kwa kazi hiyo. Mwenyekiti akitaka kitu, amwambie yeye. Asimpigie kijana wa programu usiku. Na mambo yakichelewa, msikimbilie kuongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo endeshi wa OS/360 wa IBM, alieleza mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi. Wageni wanafundishwa na walewale waliozidiwa, na mawasiliano yanapanda haraka: watu watatu wana jozi tatu za kuelewana, watu sita wana jozi 15.

Nikubali pia kwamba si kila kitu kinahitaji mizunguko. Mishahara na leja ya kawaida nunueni zilizo tayari. Hakuna sababu ya kubuni upya hesabu za debiti na krediti. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa MUVU wa kusimamia vyama, kwa hiyo angalieni kwanza kama mnachotaka kulipia hakimo humo tayari. Mashine za EFD, zile za risiti za kodi, hutoka kwa wasambazaji walioidhinishwa na TRA. Mizani na printa ziagizwe mapema, na barua za kuunganishwa na kampuni za malipo ya simu ziandikwe wiki ya kwanza, kwani idhini zake hazifuati kalenda yenu. Tena, mtengenezaji anayesema haandiki mpango wala maelezo kwa kuwa "tuko ajaili", mtafuteni mwingine. Njia hii inadai mpango kila wiki mbili. Ni yule wa maporomoko aliyepanga mara moja akalala.

Najua pingamizi la bodi: mkutano mkuu unataka bei moja, na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, atauliza mkataba wa aina gani hauna kiasi. Kiasi kipo. Wekeni ukomo wa fedha na idadi ya mizunguko, tuseme mizunguko 15 kwa shilingi milioni 2 kila mmoja, ukomo milioni 30. Kinachonyumbulika ni mkia wa orodha tu. Ankara inatolewa baada ya kila mzunguko, chama kina siku tano za kazi kukubali au kukataa kwa maandishi, asilimia 10 inazuiwa mpaka msimu mmoja mzima upite, na kila upande unaweza kusimama kwa taarifa ya mzunguko mmoja. Mkisimama kwenye mzunguko wa nne ankara zimefika milioni 8, pamoja na ile asilimia 10 mliyoizuia, na mapokezi ya kahawa yanafanya kazi. Kwenye mkataba wa trekta mngekuwa mmeshatoa malipo ya mwanzo na mkononi mna michoro.

Kipengele kingine kisisahaulike: hazina ya msimbo, jina la tovuti na akaunti ya sava viandikishwe kwa jina la chama tangu siku ya kwanza, nywila ziwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kasha. Nakala ya akiba irejeshwe kwa majaribio kila mwezi, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hamjui kama ni nakala. Na laptop za watengenezaji zitumie majina ya kubuni. Majina, simu na madeni ya wanachama yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa anayelenga msimu ujao, hesabu ni hii. Kahawa ya huku kwetu huanza kuingia Julai. Toeni wiki nne za kufundisha makarani kwa stakabadhi za msimu uliopita, wiki 22 za orodha iliyobaki, na wiki sita za mizunguko mitatu ya kupima mwendo. Ni wiki 32, nazo zinaangukia katikati ya Novemba. Tarehe hiyo ni nzuri kwa sababu nyingine pia: msimu unakuwa haujaisha, kahawa ya mwisho bado inaingia, karani bado yuko kwenye mzani, na kituo kimoja chenye wakulima wasiozidi 50 kinaweza kuchapa stakabadhi za kwanza kabla ya Krismasi. Zabuni ya kazi hiyo inatakiwa iwe imetoka ifikapo Septemba.

Ni mimi,
Mtengeneza mifumo,
Moshi.